Alianza kwa Kukagua Madigadi

Wazee waliosafiri kwa malori miaka ya zamani wanalikumbuka jina la Bedford. Lilikuwa limeandikwa mbele, juu ya pua ya gari. Malori yale yalitengenezwa Uingereza, lakini mwenye mali alikuwa kampuni ya Marekani iitwayo General Motors. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na hisa, yaani sehemu ya umiliki, katika kiwanda cha Nairobi kinachounganisha malori na mabasi ya Isuzu. Hisa hizo iliziuza mwaka 2017 kwa kampuni ya Isuzu yenyewe.

Wakati hisa zile zinauzwa, mkuu wa General Motors alikuwa mama mmoja aitwaye Mary Barra. Mama huyu aliingia katika kampuni hiyo mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 18. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua madigadi na boneti za magari. Miaka zaidi ya 33 baadaye, Januari 2014, akakalia kiti cha juu kabisa. Hakuna mwanamke aliyemtangulia kuongoza kampuni kubwa ya magari duniani.

Habari kama hizi tunapenda kuzisikia. Lakini mara nyingi tunasimuliwa mwanzo na mwisho tu: alikuwa chini, sasa yuko juu. Katikati hatuambiwi. Sasa tuelezane alipandaje, hatua kwa hatua. Halafu tueleze na jambo la pili ambalo halisemwi sana: mtu anaweza kupanda kutoka chini hadi juu, lakini habari za kule chini zisipande pamoja naye. Jambo hili la pili liliua watu.

BABA NA BINTI

Bibi Barra alikulia katika jimbo la Michigan, karibu na mji wa Pontiac. Pontiac ni jina la mji, na tena ni jina la magari yaliyokuwa yakitengenezwa hapo na General Motors. Mama yake alikuwa mtunza hesabu. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha Pontiac kwa miaka 39.

Kazi ya baba ilikuwa kutengeneza kalibu. Kalibu hizi ni za chuma kigumu. Bati huwekwa katikati, mashine kubwa inakandamiza, na bati linatoka likiwa na umbo la mlango au boneti. Kalibu ikikosewa hata unene wa unywele, basi kila mlango utakaotoka hapo utakuwa na kosa lile lile. Siyo kazi ya mtu mzembe.

Basi msomaji atauliza: kama baba alikuwa fundi hodari hivyo, kwa nini alistaafu akiwa fundi, na binti akawa mkuu wa kampuni? Walipita lango moja, katika kampuni moja.

Jibu ni kwamba ndani ya kiwanda kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ya mafundi. Mtu anaanza kibarua, anakuwa fundi, pengine anakuwa mnyapara wa mafundi wenzake, na hapo ngazi kwa kawaida inakwisha. Ya pili ni ya mainjinia na mameneja. Hii ndiyo inayofika ofisini juu. Kutoka ngazi ya kwanza kuingia ya pili kuna mlango, na ufunguo wa mlango huo ni cheti. Jasho peke yake haliufungui.

Mary aliingia kiwandani akiwa mwanafunzi. Wakati ule General Motors ilikuwa na chuo chake katika mji wa Flint. Utaratibu wa chuo ulikuwa hivi: mwanafunzi anasoma kwa majuma kadhaa, halafu anakwenda kiwandani kufanya kazi kwa majuma kadhaa, halafu anarudi darasani. Mshahara wa kiwandani ndio aliolipia masomo yake. Chuo hicho kiliacha kuwa mali ya kampuni mwaka 1982, na siku hizi kinaitwa Kettering University. Mary alimaliza mwaka 1985 akiwa injinia wa umeme. Baadaye kampuni ikamlipia gharama akasome uongozi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko California. Alimaliza mwaka 1990.

Kwa hiyo mkisikia fulani alianza kazi ya chini kabisa, ulizeni: chini ya ngazi ipi? Binti huyu alikuwa chini, ni kweli, tena mikono yake ilishika bati. Lakini alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ile ngazi ndefu. Kumsifu kwa bidii na kukisahau chuo ni kusimulia nusu ya habari.

Hata hivyo ile kazi ya ukaguzi tusiidharau. Mkaguzi ni kama karani wa ununuzi wa pamba anayetenga pamba safi na fifi. Bati linapita mbele yake. Analitazama kama limekunjamana, kama lina mkwaruzo, kama pembe zimekaa sawa. Akilipitisha lenye kosa, kosa linakwenda kwa mwenzake wa mbele, na kila linapokwenda mbele gharama ya kulisahihisha inazidi. Akilizuia, pengine msimamizi anamnunia kwa kuwa kazi imechelewa. Kwa hiyo mkaguzi hujifunza mapema kwamba kusema "hili halifai" kuna bei yake. Neno hili tutalirudia.

KUHAMISHWA SIYO KUTEREMSHWA

Alipokuwa injinia alianza katika kiwanda kilichotengeneza gari dogo liitwalo Pontiac Fiero. Baadaye, katika miaka ya 1990, alifanya kazi ya usaidizi katika ofisi ya mkuu wa kampuni. Msaidizi hana amri, lakini anakaa mahali ambapo maamuzi hufanywa. Anaona barua zikiingia, anasikia wakubwa wakibishana.

Mwaka 1998 wafanyakazi wa viwanda viwili vya Flint waligoma. Mgomo ulichukua siku 54. Viwanda vile vilitengeneza vipuri, na vipuri vilipokwisha, karibu viwanda vyote vya kampuni katika Amerika ya Kaskazini vikasimama. Mgomo ulipokwisha, uhusiano wa wafanyakazi na wakubwa ulikuwa mbaya. Bibi Barra akapewa kazi ya kusimamia mawasiliano kati ya kampuni na wafanyakazi wake. Injinia wa umeme kupewa kazi ya maneno! Wapo ambao wangeona wameteremshwa. Baada ya hapo akawa meneja wa kiwanda kikubwa cha kuunganisha magari kiitwacho Detroit-Hamtramck. Mwaka 2008 akawa makamu wa rais wa kampuni, akisimamia uhandisi wa viwanda vyake duniani.

Mwaka 2009 mambo yaliharibika. Tarehe 1 Juni General Motors ilitangaza mahakamani kwamba imefilisika, yaani haiwezi kulipa madeni yake. Serikali ya Marekani iliingiza mabilioni ya dola ili isife. Magari ya jina la Pontiac yakaamuliwa yaachwe kabisa. Katika mwaka huo huo Bibi Barra alikabidhiwa idara ya wafanyakazi.

Hapo ndipo kilipotokea kisa cha mavazi, na mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Kampuni ilikuwa na sheria ya mavazi yenye kurasa kumi. Yeye akaifuta na kuandika maneno mawili tu: vaa inavyofaa. Mkubwa mmoja alimwandikia kulalamika. Alisema katika kikosi chake kuna watu ambao mara nyingine huitwa ghafla kwenda kuonana na maofisa wa serikali, sasa waende na suruali za jinzi? Bibi Barra akampigia simu, akamwambia akakae na watu wake wazungumze. Baada ya muda mfupi mkubwa yule akarudi na jibu. Wale watu wanne wanaoitwa serikalini wataweka suruali nzuri ndani ya makabati yao kazini. Basi, yamekwisha.

Mtu anaweza kucheka, lakini fikiri. Mkubwa anayeongoza watu wengi na fedha nyingi alikuwa amezoea kungoja karatasi imwambie suruali gani ivaliwe. Kampuni yenye mazoea ya namna hiyo itafanyaje siku fundi atakapoona kosa ambalo karatasi haikulitaja?

Mwaka 2011 alipewa idara ya kubuni na kutengeneza magari mapya. Desemba 2013 bodi ya wakurugenzi ikamchagua kuwa mkuu. Bodi ni kikundi kinachochaguliwa na wenye hisa ili kusimamia mali yao. Mkuu wa kampuni naye ameajiriwa, na bodi iliyomweka inaweza kumwondoa. Mwaka 2014 wafanyakazi wa General Motors walikuwa zaidi ya 200,000. Kiti cha mkuu ni kimoja. Hesabu hiyo kila mtu aifanye mwenyewe.

SWICHI YA UFUNGUO

Alianza kazi tarehe 15 Januari 2014. Kabla ya mwezi kwisha mambo yakalipuka.

Katika Februari kampuni ilitangaza kwamba baadhi ya magari yake madogo, kama Chevrolet Cobalt, yarudishwe. Kurudishwa maana yake wenye magari wanaambiwa wayalete yatengenezwe bure, kwa kuwa yana kosa la hatari. Kosa lilikuwa kwenye swichi ya kuwashia, pale ufunguo unapoingia. Springi yake ilikuwa dhaifu. Dereva akiwa na funguo nyingi nzito kwenye pete moja, au goti likiugonga ufunguo, au gari likirukaruka njiani, ufunguo uliweza kurudi nyuma wenyewe. Injini inazimika gari likiwa katika mwendo. Usukani unakuwa mzito. Breki zinakuwa ngumu.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Magari ya siku hizi yana mfuko wa hewa uliokunjwa ndani ya usukani. Gari likigonga, mfuko hufumuka ghafla na kumkinga dereva asigonge usukani kwa uso na kifua. Swichi ikiwa imezimika, mfuko haufumuki. Kwa hiyo gari lilizimika, likagonga, na kinga haikutoka.

Magari yaliyorudishwa kwa kosa hili yalifika milioni 2.6. Baadaye mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124 na ya majeruhi 275.

Sasa sikieni. Kosa hili halikuwa geni. Swichi ile ilipitishwa mwaka 2002 ingawa nguvu yake ilikuwa chini ya kipimo kilichotakiwa. Miaka michache baadaye mainjinia waliliona gari likizimika lenyewe. Ilipendekezwa kulirekebisha, ikaonekana ni ghali na itachukua muda. Bungeni Marekani ilionyeshwa karatasi inayosema bei ya marekebisho ingekuwa senti 57 za dola kwa gari moja. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya ikawa nzuri, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Kwa hiyo waliochunguza ajali baadaye walichanganyikiwa. Swichi mbili zina namba moja, moja mbovu na moja nzima. Aliyewahi kutunza leja ya chama cha ushirika anajua maana ya kuandika vitu viwili kwa namba moja.

Tangu 2002 hadi 2014 ni miaka kumi na miwili. Kule chini walijua. Juu hawakujua, au walisema hawakujua. Aprili 2014 Bibi Barra aliitwa mbele ya Bunge. Jamaa za waliokufa walikuwamo ukumbini, wameshika picha za watoto wao. Aliomba radhi. Alisema yeye alipata habari ya kosa hilo mwisho wa Januari 2014. Wabunge wakamhoji sana, na walikuwa na haki. Mtu aliyeanza kwa kukagua madigadi, aliyekuwa meneja wa kiwanda, aliyesimamia idara ya magari mapya tangu 2011, habari hii ilimpita wapi?

Kampuni ilimlipa mwanasheria, Anton Valukas, achunguze. Taarifa yake ilitoka Juni 2014, na kurasa zake ni zaidi ya 300. Mambo aliyoyakuta yanafanana na yale tunayoyaona katika mikutano yetu wenyewe. Wafanyakazi walimweleza juu ya "kuitikia kwa kichwa". Maana yake wote mkutanoni wanaitikia kwamba jambo lazima lifanywe, halafu wanatoka na hakuna hata mmoja anayelifanya. Walimweleza pia juu ya "saluti". Mtu anakunja mikono kifuani, kila kidole kinamwonyesha mwingine, kama kusema: hilo ni la fulani, si langu. Suala la swichi lilipita kamati baada ya kamati. Na wapo waliokuwa hawaandiki chochote mkutanoni, kwa kuwa waliamini wanasheria wa kampuni hawapendi yaandikwe.

Serikali nayo iligundua jambo linalotuhusu sana sisi tuliojifunza kuandika tukiwa watu wazima. Katika mafunzo ya mwaka 2008 wafanyakazi walikuwa wamepewa orodha ya maneno ya kuepuka katika ripoti zao. Usiandike "kasoro". Andika kwamba kitu "hakifanyi kazi kama kilivyobuniwa". Usiandike "tatizo". Andika "hali". Ripoti ilikuwa inaandikwa, ndiyo, lakini imeondolewa meno. Mkubwa akiisoma juu ghorofani haoni mtu amekufa. Anaona "hali".

Bibi Barra aliwafukuza wafanyakazi 15 na wengine watano wakaadhibiwa. Aliweka utaratibu ambao mfanyakazi yeyote akiona jambo la hatari anaweza kulipeleka moja kwa moja bila kupitia kwa mnyapara wake. Serikali iliitoza kampuni faini ya dola milioni 35 mwaka 2014, na mwaka 2015 ikakubali kulipa dola milioni 900 nyingine ili kesi ya jinai isiendelee. Na mara kampuni ilipoanza kutafuta makosa kwa bidii, yalionekana mengi. Katika mwaka 2014 peke yake iliyarudisha magari karibu milioni 30, kwa makosa ya kila aina.

Wapo waliosema kwamba ameadhibu wadogo na kuwaacha wakubwa. Mimi naona alichofanya kilikuwa cha lazima, lakini kilikuja baada ya makaburi.

KIWANDA CHAKE MWENYEWE

Kuna watu wanaoamini kwamba mkubwa aliyetoka chini atawapendelea wa chini. Tutazame yaliyotokea mwaka 2018. Mwezi wa Novemba kampuni ilitangaza kwamba viwanda vitano vya Amerika ya Kaskazini havitapewa tena gari jipya la kutengeneza. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba vitafungwa. Kazi zilizokuwa hatarini zilikuwa kama 14,000, za kiwandani na za ofisini. Katika orodha ile kilikuwamo kiwanda cha Detroit-Hamtramck, kile kile alichokuwa meneja wake. Kampuni haikuwa na hasara wakati huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu wameacha kununua magari madogo ya abiria, na fedha zinatakiwa kwa ajili ya magari ya umeme.

Wafanyakazi, kupitia chama chao, waligoma Septemba 2019. Mgomo ulichukua siku 40. Katika mapatano Hamtramck iliokoka. Ilipewa kazi ya kutengeneza malori na magari ya umeme, na kazi hiyo ilianza mwaka 2021. Bibi Barra aliendelea kuongoza. Mwaka 2022 malipo yake yote yalikuwa karibu dola milioni 29, na katika mgomo mwingine wa mwaka 2023 wafanyakazi walizitaja fedha hizo mara nyingi walipodai nyongeza. Mwaka 2025 alikuwa bado kwenye kiti.

Kiwanda cha Lordstown, katika jimbo la Ohio, hakikuokoka. Kilitoa gari lake la mwisho Machi 2019. Wafanyakazi wake waliambiwa wanaweza kuhamia viwanda vingine vya kampuni, na vingine vilikuwa mwendo wa siku nzima au zaidi kwa gari. Wapo waliofunga mizigo wakahama na jamaa zao. Wapo waliokwenda peke yao, wakaacha watoto wamalize shule. Wengine walibaki Ohio wakatafuta kazi nyingine.